Herufi Yenye Mguu

Shemeji yangu ni mchora mabango, na kwa miaka thelathini na ushei hakuna aliyewahi kumsikia akikiri kwamba amekosea. Ukimwonyesha kosa, atarudi nyuma hatua tatu, atafumba jicho moja, atalitazama bango lake kama mama anayetazama mtoto aliyesingiziwa na majirani, kisha atakwambia kwamba wewe ndiye hujui kusoma. Watu walimpa jina la Fundi Herufi. Wengi walimwita hivyo kwa heshima, mimi nilimwita hivyo kwa hasira.

Tatizo lake ni R na L. R ikipita kinywani mwake inatoka L, na L ikibanwa sana inatoka R. Wako wengi wenye ulimi wa namna hiyo, wala hawana ugomvi na mtu, lakini wao hawaandiki walichosema kwa rangi nyekundu juu ya mlango wa mwenzao. Marehemu dada yangu alipokuwa hai alikuwa akisimama chini ya ngazi, mikono kiunoni, akisoma kila neno kabla rangi haijakauka. Alipofariki, ulimi wa mumewe ukabaki bila mlinzi. Ndani ya miaka minne duka la vifaa vya shule likaanza kuuza KARAMU ZA WINO. Tabibu wa meno akatangaza kwamba anang'oa BIRA MAUMIVU. Kwenye ukuta wa posta pakaandikwa HAPA SI MAHARI PA KUEGESHA GARI, na madereva wakawa wanauliza mahari yenyewe ni ng'ombe wangapi. Mimi ni fundi cherehani, chumba changu kinapakana na chake, na juu ya mlango wangu mpaka leo pameandikwa NGUO ZA HALUSI. Nilipolalamika, aliniuliza kama kuna bibi harusi hata mmoja aliyepotea njia kwa sababu hiyo. Kweli hakuna, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi.

Ana mtoto mmoja tu, binti, mwalimu wa chekechea. Ndiyo, ni huyo huyo anayeshinda akiwafundisha watoto wa watu kutofautisha herufi. Mtaa mzima unamwita Mwalimu. Baba yake anamwita Mwarimu, kwa fahari kubwa, na yeye anaitika bila kumsahihisha. Nilimwambia mara nyingi kwamba upole huo utamponza, akacheka.

Sasa, wakati ninaousimulia, uchaguzi ulikuwa umeahirishwa mara tatu. Mara ya kwanza tuliambiwa ni mvua. Mara ya pili tuliambiwa karatasi hazijafika. Mara ya tatu hawakujisumbua hata kutunga sababu, walisema taifa haliko tayari, kama vile taifa ni mwari anayejipamba chumbani. Kisha ikaja amri kwamba ni kosa kudai, kutaja au kuashiria uchaguzi hadharani, na atakayepatikana atafungwa miaka mitano. Vijana wakaanza kukutana kimyakimya, na Mwalimu wetu akiwa mbele yao. Walikutana chumbani kwangu kwa sababu kelele za cherehani zinafunika maneno. Nilikuwa napiga mshono mtupu, bila kitambaa, mpaka mguu unakufa ganzi.

Wakaamua kuandamana hadi mzunguko wa barabara kuu, na bango moja kubwa litangulie mbele: KURA NI HAKI YETU. Kitambaa nilikikunja pindo mimi mwenyewe, cheupe, upana wa mikono minane. Mwalimu akakipeleka kwa baba yake. Na hapo ndipo mambo yalipoanza kwenda mrama, kwa sababu msichana aliogopa kuacha maandishi. Karatasi ni ushahidi, alisema. Basi akaingia, akafunga mlango, akamnong'oneza baba yake maneno manne sikioni, akatoka. Shemeji akatikisa kichwa kama mtu aliyekabidhiwa siri ya nchi. Alifanya kazi siku mbili mlango ukiwa umefungwa, akakausha, akakunja, akamkabidhi mwanawe bila kumruhusu kufungua. Alisema bango la hatari halifunguliwi dukani.

Likafunguliwa kwenye mzunguko, saa nne asubuhi, mbele ya watu wapatao thelathini waliojikaza. Waliokuwa wameshika miti walikuwa nyuma ya kitambaa, hawakuona chochote. Waliona tu watu wa barabarani wanasimama, wanasoma, wanatazamana. Akina mama wa sokoni wakaacha meza zao. Makondakta wakashuka. Mafundi wa gereji wakatoka chini ya magari na mikono yenye grisi. Kila aliyesoma alitikisa kichwa kukubali, na wengi wakaingia kwenye msafara, mpaka wale thelathini wakawa mia kadhaa. Mwalimu aliniambia baadaye kwamba moyo wake ulijaa furaha, aliamini kwamba kumbe wananchi wote wana hamu ya demokrasia. Ndipo mama mmoja muuza nyanya akamsogelea, akamshika mkono na kumwambia, "Mwanangu, ubarikiwe. Hawa wengine wote wanazungukazunguka, wewe umesema kweli tupu."

Mwalimu akazunguka mbele kutazama. KULA NI HAKI YETU.

Polisi walifika wakiwa tayari kwa lolote isipokuwa hilo. Afande alisimama mbele ya bango akasoma mara tatu, kisha akampigia simu mkubwa wake. Mimi nilikuwa hatua tano kutoka kwake, nilimsikia. Alisema wameandika kula, mkuu. Bila shaka mkubwa aliuliza kula ipi, maana afande alijibu kula ya mdomoni, mkuu, ya chakula. Wakaelewana hivyo hivyo kwa muda mrefu, jasho likimtoka. Mwisho akaambiwa akamate kwanza, maana ya bango itatafutwa baadaye. Wakamchukua Mwalimu, aliyekuwa mbele kabisa, na bango wakalikunja vizuri kabisa kama shuka la mgeni.

Siku hiyo nilimfuata shemeji na mkasi wangu mkononi. Nilimwambia amemuua mtoto wa dada yangu kwa herufi moja. Alikaa kwenye kopo la rangi. Nilipomaliza yangu yote, akasema kwamba hakukosea, aliambiwa kula na ameandika kula. Nikamuuliza kama anafikiri vijana wanaweza kufungwa miaka mitano kwa kudai ugali. Akasema hajui siasa, yeye ni mtu wa rangi tu. Lakini siku ile hakugusa brashi.

Baada ya wiki mbili akaitwa ofisini kwa mwendesha mashtaka, kijana nadhifu, viatu unaweza kujitazamia ndani yake. Kesi ilikuwa inawasumbua. Bango lenyewe halikuwa na kosa, kwa hiyo walihitaji mtu wa kusema kwamba lilikusudiwa kuwa na kosa. Mwendesha mashtaka akamweleza shemeji taratibu kabisa: ukubali tu mahakamani kwamba binti yako alikuagiza kura, ukakosea, na wewe utarudi dukani kwako salama.

Shemeji aliporudi kunisimulia, nilishika kichwa nikacheka mpaka nikalia. Ningeomba nini tena? Maisha yake yote mtu huyu amekataa kwamba anakosea. Nikamwambia, "Shemeji, kiburi chako kimekula chakula chetu miaka thelathini bila kazi. Sasa kimepata kazi. Kasimame pale useme hujawahi kukosea, uliambiwa kula ukaandika kula. Mtoto anatoka siku hiyo hiyo."

Akasema hiyo ni rahisi.

Kumbe si rahisi, maana kichwa kigumu amekirithisha. Nilikwenda mahabusu na sabuni na mkate kumpa Mwalimu habari njema, na yule mtoto akanikazia macho. Alisema hakutaka kula, alitaka kura, na anataka ijulikane hivyo. Nilimkumbusha miaka mitano. Akaniambia, "Mama mdogo, nikitoka kwa uongo, kesho wale watoto wangu nitawafundisha nini? Mwambie Baba aseme kweli." Nilimwambia wenzake wamelala kwenye magodoro yao na yeye hapa anagawana sakafu na chawa. Nilimwambia mengi mengine ambayo sitayarudia. Nilirudi nyumbani na ule ujumbe, na nitasema wazi: sikuufikisha. Uongo wa kumtoa mtoto jela mimi siuhesabu.

Siku ya kesi ukumbi ulijaa hadi madirishani. Hakimu alikuwa mama mmoja wa makamo mwenye miwani, uso umechoka. Wakili wetu alikuwa mzee mstaafu aliyejitolea, na muda mwingi alikuwa amefumba macho, nikajua tumekwisha. Mwalimu alikuwa kizimbani, amepungua, nywele zimesukwa na mfungwa mwenzake vibaya sana.

Mwendesha mashtaka akamwita shemeji, akamuuliza aliambiwa aandike nini. Shemeji akajibu kwa sauti kwamba aliambiwa kula. Je, inawezekana alikosea? Haiwezekani. Hajawahi? Hajawahi. Ndipo yule kijana akafungua bahasha na kutoa picha moja baada ya nyingine. Karamu za wino. Mahari pa kuegesha gari. Bira maumivu. Watu walianza kucheka kidogokidogo, na ilipotolewa picha ya mlango wangu, nguo za halusi, wakacheka wote, na mimi nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Shemeji hakutikisika. Kila picha aliitazama kwa jicho moja na kusema iko sawa. Nilimpenda siku ile. Nilikuwa nampigia makofi moyoni.

Halafu Mwalimu akasimama kizimbani. Askari alitaka kumkalisha, hakimu akamzuia.

"Baba," alisema, "sema kweli. Mimi sioni aibu kwa nilichokuagiza. Wewe unaona aibu?"

Shemeji alimtazama mwanawe kwa macho yote mawili. Nikajua kwamba kila kitu kimeharibika.

"Nimekosea, mheshimiwa," alisema. "Aliniambia kula."

Hakimu akainua kichwa. "Alikuambia kula?"

"Ndiyo. Kula."

"Na wewe ukaandika kula."

"Nikaandika kula."

"Sasa umekosea wapi?"

"Hapo hapo, mheshimiwa. Aliniambia kula, mimi nikaandika kula."

Karani aliyekuwa akiandika aliweka kalamu chini. Mwendesha mashtaka akasogea, akamwomba shahidi atamke neno taratibu. Akatamka taratibu. Ikatoka kula ndefu zaidi. Akaambiwa atamke kwa nguvu, akapiga kula iliyosikika hadi nje, na mtu mmoja dirishani akaitikia kwamba hata sisi. Jasho lilikuwa linamtiririka shemeji. Maskini, safari hii alikuwa anasema kweli kuliko alivyowahi kusema maishani mwake, na kweli yenyewe inagoma kutoka. Mwisho hakimu akaagiza apewe karatasi aandike.

Shemeji akaishika kalamu, akaandika herufi mbili, akasimama. Kisha akageukia kizimbani, akauliza kwa sauti ndogo, kama mwanafunzi:

"Mwarimu, ni ile yenye mguu?"

Mwalimu alikuwa analia. "Ndiyo, Baba. Yenye mguu."

Akauchora ule mguu polepole, mrefu, umenyooka. Ikasomeka KURA. Karatasi ikapita kwa hakimu, ikapita kwa mwendesha mashtaka, na mimi nikaanza kuhesabu: miaka mitano, atatoka ana thelathini na mbili.

Mwendesha mashtaka alikuwa anang'aa uso. Akauliza, ili iandikwe kwenye kumbukumbu, kama shahidi sasa anakubali kwamba huchanganya herufi hizo mbili. Shemeji akakubali, tangu utoto. Kwenye mabango haya yote? Yote. Kila bango alilowahi kuchora? Shemeji alifikiri kidogo akasema tangu mke wake afariki, hana bango ambalo angeweza kuliapia.

Ndipo wakili wetu akafumbua macho. Akasimama kwa shida, akakohoa, akasema ana swali moja tu. Lile bango kubwa la njia ya uwanja wa ndege, ni nani aliyelichora?

"Mimi," alisema shemeji.

Hapa lazima nieleze, kwa mtu asiyeijua habari yenyewe. Miaka mitatu nyuma Kiongozi alirudi kutoka safari ya nje, na mkuu wa wilaya akaagiza bango la kumpokea. Likasimamishwa, picha yake ikiwa kubwa kama nyumba, na chini yake: KARIBU FAHALI YA TAIFA. Kiongozi akasimamisha msafara, akashuka, akalitazama. Wote waliokuwepo walishika pumzi. Akatabasamu. Jioni hiyo redio ikamwita Fahali, ila wao walirekebisha sarufi, wakasema Fahali wa Taifa. Kufikia mwisho wa mwezi jina lilikuwa kwenye stempu, kwenye fulana, kwenye kiapo cha mawaziri. Wasomi wakahojiwa, wakaeleza kwamba fahali ni nguvu, ni uzazi, ni ulinzi wa zizi. Na uchaguzi ulipoahirishwa mara ya tatu, msemaji wa serikali aliuliza kwa tabasamu: fahali wawili hawakai zizi moja, sasa kura za nini?

Wakili akaendelea kwa upole. "Na kwenye bango hilo, mzee, uliagizwa uandike neno gani?"

Nilimwona mwendesha mashtaka akielewa. Rangi ya uso ilimtoka yote. Nikamwona na hakimu akielewa, akavua miwani. Ukumbi mzima ukaelewa kwa mpigo, na hakuna aliyethubutu hata kukohoa. Mtu pekee ambaye hakuelewa ni shemeji. Alikuwa ameshaanza kusema kweli na ilikuwa imemkolea.

"Waliniambia niandike faha..."

"Mheshimiwa," mwendesha mashtaka alidakia, na sauti ilimpasuka katikati. Alisema Serikali inapinga swali. Alisema Serikali imetafakari upya na haina shaka yoyote juu ya umahiri wa fundi huyu. Fundi huyu hajawahi kukosea bango lolote, wala la uwanja wa ndege wala la mzunguko wa barabara. Kilichoandikwa ndicho kilichokusudiwa.

"Lakini nimekosea," alisema shemeji.

"Hujakosea, mzee," alisema mwendesha mashtaka, karibu kumpigia magoti.

"Na mimi niliagiza kura," alisema Mwalimu kutoka kizimbani.

"Hukuagiza," alisema mwendesha mashtaka. "Ulitaka kula. Mheshimiwa, mshtakiwa alitaka kula."

Hakimu aliwatazama mmoja mmoja. Nadhani alikuwa anajizuia kucheka, au kulia, kwa umri wetu vinafanana. Kisha akaandika uamuzi na kuusoma: kwamba upande wa mashtaka wenyewe umethibitisha kwamba bango lilidai chakula, kwamba kudai kula hadharani si kosa kwa sheria yoyote ya nchi hii, na kwamba mshtakiwa yuko huru.

Ungetarajia tusherehekee. Tulirudi nyumbani watatu kwa miguu. Mwalimu alikuwa na hasira, alisema wamemnyang'anya hata kosa lake. Shemeji alikuwa na aibu, amekiri kosa mara moja maishani mwake na wamekataa kulipokea. Mimi nilikuwa na furaha peke yangu, na furaha ya peke yako inachosha. Shemeji akafunga duka siku tisa. Alilitazama lile neno halusi juu ya mlango wangu kila alipopita, kisha akainamisha kichwa, na niliona bora angekuwa na kiburi chake cha zamani. Siku ya tano aliniomba msamaha kwa ajili ya bango langu. Nilimjibu vibaya, nikasema limeshazoeleka.

Siku ya kumi Mwalimu alikuja na mzigo kichwani. Nyuma yake walikuja wenzake wote, na nyuma yao yule mama wa nyanya na makondakta na watu wa gereji, kila mmoja na kitambaa: mashuka, mapazia, hata kitambaa cha meza cha mtu fulani. Wakili alikuwa ametoa nakala za uamuzi wa hakimu, wenye muhuri, na kila mmoja alikuwa na yake mfukoni. Kudai kula si kosa. Walikuwa wanaandamana Jumamosi, mji mzima, na hakuna ambaye hakuelewa wanadai nini. Nilikunja pindo hadi vidole vikatoka malengelenge.

Shemeji akafungua kopo la rangi nyekundu, akatandaza kitambaa cha kwanza, akaandika KU. Brashi ikasimama hewani. Alikuwa anaogopa, mtu mzima yule, ndevu nyeupe.

"Nambie, mwanangu," alisema. "Niandike yenye mguu au isiyo na mguu? Sitaki kukosea tena."

Mwalimu akachuchumaa karibu naye, akamwekea mkono mgongoni.

"Andika unavyoandika siku zote, Baba," alisema. "Sisi tutasoma."

Shemeji aliinama juu ya kitambaa muda mrefu, mabega yakitikisika. Nikamwambia machozi akayamwagie pembeni, rangi bado mbichi.